Kliniki ya homoni Kilimani: lipia chumba cha ndani, pita rafu ya mapokezi

Sh3,500 za kumwona mtaalamu wa lishe nililipa bila kunung'unika. Sh1,450 za kopo la unga wa nusu kilo ndizo zilizonifanya nivue miwani, niipanguse na kusoma tena. Mimi ni muuza nafaka wa Nyamakima, Nairobi. Wimbi, mtama, soya, njugu, terere, maharagwe ya kila rangi, nauza kwa gunia na kwa gorogoro. Ukiniwekea mbele kopo lililoandikwa "Unga wa Thairoidi", na ndani yake ni wimbi, soya, mbegu za maboga na terere, ujue unamuuzia mwenye duka bidhaa ya dukani kwake. Nusu kilo ya mchanganyiko huo, ukishasagishwa na kufungwa vizuri, haifiki Sh200.

Wanawake wa chama chetu wananiuliza kila mara kama kliniki ile inafaa, kwa hivyo naandika yote, ya unga na ya watu. Jina silitaji, maana nina ugomvi na rafu yao ya bidhaa na sina ugomvi na wafanyakazi wao. Iko Kilimani, mwendo mfupi kutoka Yaya ukishuka matatu ya 46, ghorofa ya pili ya jengo ambalo chini yake kuna duka la keki. Aliyekodisha nafasi ya kliniki ya lishe juu ya duka la keki alijua anachofanya.

Nina miaka 46. Nilichopeleka pale kilikuwa uchovu ambao hata nikilala Jumapili hadi saa tatu hauondoki. Uzito ulikuwa unapanda ilhali nakula kidogo kuliko zamani. Choo kigumu. Sauti ikaanza kukwaruza, nikadhani ni kelele za kubishana na mabroka. Mwezi wa pili, jua la Nairobi likiwaka, mimi niko dukani na sweta mbili, wapagazi wananicheka. Nywele zinabaki kwenye kitana, nyusi zimepungua upande wa nje. Hedhi nayo ikawa nzito kupita kiasi, halafu inakuja ovyo, mwezi huu mapema, mwezi ule haipo.

Kila mtu alikuwa na ugonjwa wake wa kunipa. Dada yangu alisema ni umri, hedhi inaelekea kukoma. Mwenyekiti wa chama alisema ni mawazo, nipumzike. Jirani wa duka la viungo alisema ni thairoidi, ile tezi ya shingoni, kwa sababu shemeji yake alikuwa nayo. Taabu ni kwamba wote watatu walisema jambo la maana. Uchovu, usingizi mbovu, uzito, hedhi ovyo na hasira za ghafla vinaweza kuletwa na ukomo wa hedhi unaokaribia, na msongo wa mawazo, na tezi ya thairoidi iliyolegea. Na mwanamke wa umri wangu anaweza kuwa na yote kwa pamoja. Thairoidi nilikuwa nimeshapimwa. TSH, homoni ya ubongo inayoisukuma tezi hiyo na ambayo hupanda tezi ikilegea, ilisoma 3.1, na kwa kuwa kiwango cha kawaida ni karibu 0.4 hadi 4, niliambiwa niko sawa, nikanunue vitamini.

Mapokezi yao ni mazuri. Viti laini, maji ya ndimu, harufu ya mchaichai. Msichana wa mapokezi anakuita "madam" na kukupa fomu ya kujipima mwenyewe: unachoka mara ngapi, unatamani sukari kiasi gani, unakasirika ovyo? Sijui mwanamke wa Nairobi mwenye watoto wa kulipiwa karo atakayejibu hapana. Ukimaliza anajumlisha alama na kukwambia homoni zako "haziko sawasawa", kisha anakuonyesha karatasi ya Paneli Kamili ya Homoni, Sh18,500, na mkono mwingine tayari unaelekea kwenye rafu. Nilimwambia nitamwona mtaalamu kwanza. Hakuchukia, lazima niseme.

Sasa chumba cha ndani. Mtaalamu ni binti wa umri wa kifungua mimba wangu, leseni yake ya KNDI imetundikwa ukutani ambapo unaweza kuisoma bila kuinuka. (Kwa asiyejua: tangu sheria ya mwaka wa 2007, mtaalamu wa lishe Kenya anatakiwa kusajiliwa na taasisi hiyo. Ukienda mahali popote, uliza.) Hakunipima uzito kwanza. Aliniuliza naamka saa ngapi.

"Saa kumi alfajiri," nikamwambia. "Lori za kutoka Busia na Eldoret zinashusha kabla ya kanjo kuamka."

"Na unalala?"

"Saa tano, saa sita. Hesabu za M-Pesa haziishi."

"Kitu cha kwanza kuingia tumboni, mama?"

Chai. Chai ya maziwa, majani mengi, sukari ya kutosha, saa kumi na moja hivi. Halafu chai nyingine saa nne. Chakula cha kwanza ni saa nane mchana, chapati na maharagwe ya yule mama wa kibanda, nikiwa nimesimama. Chakula kikubwa ni ugali wa saa tatu usiku. Aliandika yote bila kukunja uso. Akauliza natumia chumvi gani, unga gani, nakula samaki wa wapi, hedhi nabadilisha pedi mara ngapi, mama yangu alikomaje hedhi, kuna mtu wa ukoo mwenye rovu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Na za nywele, mama, unameza nini?"

Msusi wangu alikuwa ameniuzia vidonge vya kuzuia nywele kukatika. Nilivitoa kwenye mkoba. Biotini, aina ya vitamini, mikrogramu 10,000 kwa kidonge. Binti alivitazama, akaomba tarehe ya kile kipimo changu cha TSH, akauliza kama nilikuwa nimeshaanza kuvimeza wakati huo. Nilikuwa nimeshaanza.

Alinieleza hivi. Mashine nyingi za maabara hupima homoni kwa njia inayotumia biotini yenyewe ndani ya kemikali zake. Damu ikiwa imejaa biotini ya vidonge, mashine inachanganyikiwa: TSH inaweza kusoma chini kuliko ilivyo, na homoni za thairoidi zikasoma juu. Mgonjwa ambaye tezi yake imelegea anatoka na karatasi ya mtu mzima wa afya. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka wa 2017. Na hapa kwetu vidonge hivyo vinauzwa saluni, kando ya mafuta ya nazi, kwa wanawake ambao nywele zao zinakatika, na kukatika kwa nywele ni dalili mojawapo ya thairoidi. Yaani anayevimeza ndiye hasa anayehitaji kipimo kisichodanganya. Maabara iliyonipima haikuwa na kosa, kwa kuwa hakuna aliyeiambia.

Akaniambia niviache kwa wiki nzima, kisha nipime upya asubuhi, TSH, T4 huru (homoni ya tezi yenyewe), kingamwili za TPO (zinazoonyesha kama kinga ya mwili inaishambulia tezi) na akiba ya chuma, katika maabara yoyote yenye leseni. "Si lazima hapa," akasema, na sauti aliishusha kidogo. Kuhusu Paneli Kamili alikuwa na la kusema pia. Kipimo cha projesteroni, homoni inayotolewa yai likishatoka, kina maana ukijua uko siku ya ngapi ya mzunguko, kwa kawaida hupimwa karibu wiki moja kabla ya hedhi. Mimi hedhi yangu ilikuwa haina kalenda. Kotisoli, homoni ya msongo, huwa juu asubuhi na chini kabisa usiku wa manane, hivyo kuichota saa nane mchana na kuilinganisha na kiwango cha asubuhi ni kazi bure. Na mwanamke aliyepita miaka 45, mwenye hedhi inayobadilika na jasho la usiku, kwa kawaida hatambuliwi kuwa anakaribia kukoma hedhi kwa paneli bali kwa maelezo yake mwenyewe, maana homoni za kipindi hicho hupanda na kushuka wiki kwa wiki. Kwa ushauri huo mmoja alikuwa ameniokolea Sh18,500 za mwajiri wake. Ndiyo sababu jina la kliniki silitaji.

Nilipima mjini. TSH ilirudi 14.2. T4 huru ilikuwa chini ya kiwango, kingamwili za TPO juu sana, na akiba ya chuma imekauka. Binti alinielezea TSH kwa lugha niliyoielewa: ni broka anayempigia mkulima simu. Mzigo ukija kwa wakati, anapiga mara moja kwa upole. Mzigo ukichelewa, anapiga, anapiga tena, anapandisha sauti. Broka huyo yuko kwenye ubongo, mkulima ni tezi iliyo shingoni, na 14.2 ni kelele. Aliandika barua ya kunipeleka kwa daktari. Yeye mwenyewe haandiki dawa na hakujifanya anaandika.

Daktari, ambaye si wa kliniki hii, alisema ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka wa 1912. Kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe, polepole, kwa miaka, na wanawake huupata mara nyingi kuliko wanaume. Dawa yake ni levothairoksini, ambayo ni homoni ileile inayokosekana. Nilianzishwa mikrogramu 50 kila siku, kisha kipimo kingine baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu TSH haitulii kabla ya hapo. Hakuna chakula kinachochukua nafasi ya kidonge hicho. Niliuliza mara mbili, kwa kuwa nauza chakula na ningependa sana jibu liwe lingine.

Ila chakula kina kazi, na hapa ndipo ninapomrudia binti, kwa sababu daktari alikuwa na dakika chache na foleni ndefu.

Kidonge kinamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kitu kingine. Kahawa, maziwa, vidonge vya chuma na vya kalsiamu huzuia kisiingie vizuri mwilini, na chai yangu ya maziwa haikuwa salama pia. Vya chuma na kalsiamu vinataka saa nne mbali. Kwangu ilikuwa rahisi kupanga: naamka saa kumi, nameza, navaa, nafika Nyamakima, na chai ya saa kumi na moja inakuwa imeruhusiwa. Chuma nameza saa nane mchana na chungwa, kwa kuwa vitamini C hukisaidia kuingia, wala sikinywi na chai, kwa sababu majani ya chai hukishika kikatoka kilivyoingia. Chuma hakihusu damu peke yake. Tezi hutumia kimeng'enya chenye chuma kutengeneza homoni zake, na thairoidi iliyolegea huleta hedhi nzito, na hedhi nzito humaliza chuma. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe, na mimi nilikuwa katikati yake nikinywa chai juu ya maharagwe.

Na soya. Unga wa soya ukiliwa karibu na kidonge hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia. Sasa rudi kwenye lile kopo: "Unga wa Thairoidi", lenye soya, maelekezo yanasema unywe uji wake asubuhi na mapema kabla ya chochote. Mwanamke anayemeza levothairoksini, ambaye ndiye mnunuzi wanayemlenga, anashauriwa kunywa kizuizi cha dawa yake saa ileile ya dawa. Soya si sumu. Mimi mwenyewe naila mchana. Lakini nilimweleza meneja jambo hili, akanisikiliza kwa adabu, akaniambia rafu ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na kodi ya Kilimani haina huruma. Hapo nilimwelewa kabisa, nami ni mfanyabiashara. Nikamwambia basi abandike karatasi ndogo tu kwenye kopo. Akasema atawafikishia wenyewe.

Kitu kingine cha rafu ni chumvi ya pinki kutoka milima ya Pakistani, Sh900 kwa kilo, imeandikwa kwamba "inarudisha usawa wa homoni". Jambo hili linanigusa zaidi ya unga. Shosho yangu wa Kinangop alikuwa na rovu, tezi hiyohiyo ikivimba kuwa nundu shingoni ya ukubwa wa ngumi, na kila mtu kijijini alimjua mtu mwingine aliyekuwa nayo. Udongo wa nyanda za juu, mbali na bahari, huwa na ayodini kidogo, madini ambayo tezi huyatumia kutengeneza homoni zake, na mboga zake hivyohivyo. Kilichoondoa rovu kama zile ni chumvi ya kawaida iliyotiwa ayodini. Kenya ilianza kuitia miaka ya 1970, na leo hata pakiti ya bei ya chini kabisa kutoka Gongoni kule Kilifi imeandikwa hivyo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za ayodini kwa siku, mjamzito 250, kwa kuwa ubongo wa mtoto tumboni unaitegemea. Chumvi ya pinki haijatiwa. Msichana mjamzito wa Kilimani akihama kutoka pakiti ya duka la mtaani kwenda kwenye hiyo ya pinki, amelipa zaidi ili apate pungufu. Funika chumvi yako, iweke mbali na mvuke wa sufuria, na inatosha.

Halafu, nusu mita kutoka hapo, rafu ileile ina vidonge vya mwani wa bahari vyenye ayodini nyingi! Kuzidisha nako kunaivuruga tezi, hasa iliyokwisha shambuliwa kama yangu. Mkono mmoja wanakunyima, mkono wa pili wanakufurikisha.

Wateja wangu wameniuliza sana kuhusu mboga tangu waliposikia naumwa. Sukuma wiki, kabichi na muhogo vina vitu vinavyoweza kuizuia tezi isitumie ayodini, ndiyo, lakini ukipika vinapungua, na mtu anayepata chumvi yenye ayodini hana haja ya kuogopa sahani ya sukuma. Binti alicheka nilipomuuliza kama niache. Tofauti ni ile juisi ya kijani ya mapokezi, glasi kubwa ya sukuma mbichi, kila siku, kwa miezi. Hapo alisema hapana. Wimbi sikuambiwa niuache. Mawele ndiyo yenye sifa mbaya kidogo, na hiyo ni kwa watu waliokula mawele karibu pekee yake mahali pasipo na ayodini, kama utafiti wa Darfur ulivyoonyesha. Omena ni mzuri kwa kalsiamu na chuma, ila ni samaki wa ziwani, usimtegemee kwa ayodini kama wa baharini. Mayai na maziwa vina ayodini kiasi. Unga wa ugali wa pakiti una chuma na foliki asidi kwa sheria tangu mwaka wa 2012. Ule unaosagisha mwenyewe kwenye mashine ya mtaa kwa kawaida hauna. Nalisema hili nikijua nauza mahindi ya kusagisha.

Niliomba mpango wa kufunga kula saa 18, wanauza pia, una bango lake. Binti alikataa kunipa. Alisema mimi tayari nafunga hadi saa nane mchana, sema silijui kwa jina hilo. Mwili unaokaa na njaa na kazi nzito hushusha T3, ile homoni ya thairoidi inayofanya kazi yenyewe, ili upunguze matumizi. Na ubongo hupunguza amri kwa mifuko ya mayai, kwa kuwa wakati wa njaa si wakati wa mimba. Mpango wake haukuwa na cha kupiga picha: mayai mawili na nduma au viazi vitamu saa moja asubuhi, nikiwa nimekaa. Neno "nimekaa" alilipigia mstari. Ugali usiku upungue, mboga na maharagwe viongezeke, nyama ya maini mara moja kwa wiki kwa ajili ya chuma.

Kuhusu msongo wa mawazo nilitarajia mahubiri. Tangu maandamano ya Juni 2025, maduka ya jirani yalipovunjwa, mimi hushtuka usiku nikisikia pikipiki, nikafikiria makufuli. Mkopo wa sacco upo. Mtoto yuko chuo. Niliposema haya, binti aliuliza ni lipi kati ya hayo linalonitoa usingizini saa nane usiku na ni lipi la mchana. Sikuwa nimewahi kuyagawa hivyo. Akanieleza kwamba ubongo ukiona hatari huamrisha tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, na kotisoli si adui, ndiyo inayotuamsha asubuhi. Hatari ikipita, inashuka. Lakini kufuli halipiti wala mkopo haupiti, na ubongo ukikaa katika hali hiyo hulegeza mambo usiyoyaona kuwa ya lazima. Yai linachelewa kutoka au halitoki. Yai lisipotoka, projesteroni ni kidogo, ukuta wa mji wa mimba unaendelea kujengwa na estrojeni bila kuzuiwa, na siku ukibomoka unamwaga damu ya kukutisha. Ubadilishaji wa T4 kuwa T3 nao unaweza kupungua. Usingizi mfupi unaongeza hamu ya sukari, nami nina gunia zima la njugu karanga za sukari umbali wa mkono.

Lakini hakuniambia kwamba mawazo ndiyo yaliyoniletea Hashimoto, na hili namshukuru. Mwanamke akiambiwa ugonjwa wake ni mawazo, huenda nyumbani bila dawa. Kingamwili zangu hazikutokana na karo. Alisema tu kwamba msongo unaibebesha mzigo tezi ambayo tayari inachechemea, na akataka mambo mawili: hesabu za M-Pesa zifungwe saa tatu usiku na zilizobaki zilale, na mtu mwingine apokee lori mara mbili kwa wiki. Mdogo wangu sasa anapokea Jumanne na Ijumaa. Analalamika, anapokea.

Rafuni kuna matone ya "uchovu wa adrena", yaani wa zile tezi za juu ya figo, Sh2,800. Madaktari wa homoni hawautambui uchovu huo kama ugonjwa. Kuna pia vidonge vya kutuliza mawazo vyenye mzizi wa Kihindi uitwao ashwagandha, ambao unaweza kupandisha homoni za thairoidi. Daktari aliponiona navyo mkononi alisema nisivichanganye kabisa na dawa, maana hatajua tena kipimo kimebadilishwa na dawa au na mzizi. Nilivirudisha, na kliniki ilinirudishia pesa bila maneno mengi. Hiyo ni alama kwao.

Baada ya kidonge na mpango, TSH yangu imeshuka hadi 3.6, bila biotini safari hii. Sweta moja imerudi kabatini. Choo kimelainika, sauti imerudi, na mabroka wamelijua hilo kwa masikitiko. Uzito umepungua kidogo tu, na binti alikuwa ameniambia mapema kwamba dawa huondoa hasa maji na chumvi zilizokusanyika, si kilo zote za chapati. Nywele bado zinajivuta. Hedhi imepungua uzito lakini kalenda bado haina, na hiyo huenda ni zamu ya umri sasa. Tumekubaliana niwe naandika tarehe.

Ukitaka kwenda: ziara ya kwanza ni zaidi ya saa moja, za kurudi ni Sh2,000 na hazizidi dakika 30. Hawachukui SHA wala bima nyingine, M-Pesa na kadi tu, lakini risiti ya eTIMS wanatoa ukiomba. Jumamosi usiende, mapokezi yanajaa maharusi wanaotafuta kiuno. Katikati ya wiki asubuhi hungoji. Lifti ilikuwa imekufa, ngazi ni za haraka ila mwenye magoti mabaya ajipange. Omba mtaalamu mwenyewe kwa simu kabla hujafika, la sivyo unaweza kupewa "mkufunzi wa afya" ambaye ukuta wake una picha za maua na hauna leseni. Beba vidonge vyote unavyomeza, vya nywele, vya ngozi, vya nguvu, hata vile ulivyopewa kanisani, na karatasi zako za maabara za zamani. Jina lako wataliweka kwenye orodha ya ujumbe wa ofa za WhatsApp. Ukiandika "ondoa" wanakuondoa siku ileile.